Maktaba ya Kaloleni isisahauliwe kwenye ramani za maghorofa

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ili kupisha maghorofa, hesabu huwa ni ya nyumba tu: ngapi zitavunjwa, ngapi zitajengwa, nani atakabidhiwa funguo. Maktaba sijaisikia ikitajwa. Naandika kuitetea Maktaba ya Kaloleni, ambayo pamoja na ile ya Makadara ni tawi la Maktaba ya McMillan ya katikati ya jiji.

McMillan yenyewe, pale Banda Street, inajulikana: jengo jeupe lenye nguzo nene na simba wawili wa mawe mbele ya mlango. Lady Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyezikwa Ol Donyo Sabuk, nalo likafunguliwa mwaka 1931. Lina umbo la mahekalu ya Ugiriki na Roma ya kale, na hadi 1958 lilikuwa la Wazungu pekee. Tangu 1938 lina sheria yake maalumu ya kulilinda. Sheria hiyo ilitungwa kabla Kaloleni haijakuwapo.

Mtaa wetu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa kufuata fikra za mji wa bustani alizozieneza Mwingereza Ebenezer Howard: nyumba za chini za mawe, viwanja vya nyasi katikati yake, na ukumbi wa jamii. Wazee husimulia kwamba mateka wa vita Waitaliano walikuwa miongoni mwa mafundi. Serikali ya kikoloni ilitaka wafanyakazi watulie, lakini ukiwapa watu mahali pa kukutana, watakutana kwa mambo yao. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa chama cha KAU (Kenya African Union) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akadai uhuru kamili wa nchi zetu. Mwezi uliofuata alikamatwa, yeye na mwenzake katika vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai. Singh hakuachiliwa hadi 1961.

Maktaba yetu imo katika mtaa huo na inafanana nao. Ni ndogo, ya chini, haina nguzo wala simba, na hata mtoto wa chekechea haogopi kuingia. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeikarabati kwa ushirikiano na kaunti. Anayetaka kujua kazi hiyo ina maana gani, aje jioni mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari inapokaribia. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo mama anapika, mdogo analia na redio ya jirani inapenya ukutani, mwanafunzi hana pa kuweka daftari. Maktaba humpa meza, taa na kimya.

Wapo wanaosema maktaba mpya inaweza kutengewa chumba chini ya ghorofa. Sikubali. Chumba cha aina hiyo kikishaanza kutamaniwa na wenye maduka, vitabu ndivyo hufungashwa kwanza. Isitoshe, utulivu wa maktaba hii unatokana na nafasi iliyoizunguka. Ukiibana katikati ya maegesho ya magari, umeivunja hata kama kuta zimebaki.

Kwa hiyo naomba Bunge la Kaunti lihakikishe kila mpango wa ujenzi mpya Eastlands unazitaja maktaba za Kaloleni na Makadara kwa majina, pamoja na viwanja vyake, kuwa hazitaguswa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza majengo ya kihistoria katika Gazeti Rasmi la Serikali; maktaba ya mtaani nayo ipewe heshima hiyo. Na wawakilishi wadi watuitie kikao cha wakazi kabla ramani hazijachorwa. Ukumbi wa kukutania tunao.

Mkazi wa Kaloleni,
Nairobi