Mkija Bagamoyo, msiishie mnarani

Tumsifu Yesu Kristu, rafiki yangu.

Nimefurahi mno kusikia kwaya yenu inakuja Bagamoyo kuhiji. Ila nakuomba, msikubali kupelekwa mbiombio, mkapiga picha mnarani na kurudi kwenye basi. Mnara ule wa kanisa la kwanza, la 1872, unaitwa wa Livingstone kwa sababu mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulifikishwa pale tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Ni habari kubwa, sikatai. Lakini kesho yake mwili ulivushwa kwenda Unguja. Mimi nataka uwajue waliobaki.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaanza kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto. Misheni ikawa na karakana, vijana wakafundishwa useremala, uashi na uhunzi. Mwaka 1872 kimbunga kikabomoa sehemu kubwa, wakajenga upya. Groto, yaani pango la sala, ya Bikira Maria ya 1876 ni kazi ya mikono ya hao waliokombolewa. Nikisali pale huwafikiria wao kwanza.

Kisha ingieni kanisa kubwa, lililojengwa kati ya 1910 na 1914. Kabla ya kuingia, gusa ukuta. Ni mawe ya matumbawe, na ukiyatazama kwa karibu utaona vitundu vya bahari vingali humo. Misikiti ya kale ya Kaole, jirani tu, ilijengwa kwa jiwe hilohilo na chokaa. Ndiyo maana nalipenda hivi: ni kanisa la pwani yetu, limetoka katika udongo na maji yetu.

Mbuyu nao msiupite. Mapadre waliupanda 1868, na shinani kuna kipande cha mnyororo ambacho gome limekimeza karibu chote. Wengine watawaambia ni mnyororo wa watumwa. Wenyeji wa misheni husema ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja wa Kifaransa. Watumwa walikuwa na minyororo yao ya kweli, hatuna haja ya kuwaongezea.

Nijulishe mapema siku mtakayofika, nimwombe mzee mmoja anayeijua misheni vizuri awatembeze. Wasalimie wanakwaya wote, na mama.

Rafiki yako