Kikao cha Alhamisi: neno moja kazi mbili

Habari za jioni wakuu, Alhamisi saa 2 usiku tunaendelea na kingereza chetu na safari hii nataka tukomae na maneno ambayo ni nomino na hapohapo ni kitenzi, kama import, export na record, maana wengi wetu tunashinda Kariakoo na haya yako mdomoni kila siku. Ukiongelea mzigo wenyewe unakazia mwanzo, IMport, ukiongelea kuagiza unakazia mwisho, imPORT, maandishi hayabadiliki hata herufi moja. Order haina shida hiyo ya kukazia, nomino na kitenzi vinatamkwa vilevile. Ila advice na advise jamani, ya kitenzi ina s, msichanganye kwenye imeili za wateja. Kila mtu atume voisi yenye sentensi mbili za record, na dada zangu mliokaa kimya naombeni sana tuwasikie.