Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale: Mgeni wa Kizimkazi Dimbani Asiishie Baharini

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kwa heshima kuhusu Kizimkazi Dimbani, kijiji cha wavuvi kilichoko Mkoa wa Kusini Unguja, na namna wageni wanavyokitembelea. Nimekuelekezea wewe kwa sababu wizara yako imebeba utalii na mambo ya kale kwa pamoja, na Dimbani ni mahali ambapo mambo hayo mawili yanakaa jirani bila kujuana.

Gari za wageni kutoka mjini hufika mapema asubuhi. Wageni hugaiwa miwani ya kuzamia na mapezi, hupandishwa boti, na boti hutoka kwenda kuwatafuta pomboo. Wakirudi hubadilisha nguo, hula, na gari huondoka. Wengi huondoka bila kujua kwamba karibu na ufukwe waliposhukia upo msikiti wa kale.

Ukiutazama kwa nje, msikiti huo ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Ndani, kwenye ukuta wa kibla penye mihrabu anamosimama imamu, pana maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi, mwandiko wa kale, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe na yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia, na ni miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya mwanzo kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Jengo lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, lakini maandishi yakahifadhiwa, na hadi leo waumini husali mbele yake. Jiwe la matumbawe linapotolewa baharini huwa laini, na fundi hulichonga kabla halijakauka likawa gumu. Kwa njia hiyo fundi wa zamani aliweza kuzitoa zile herufi ndefu zilizosimama wima, zenye ncha zinazochanua mfano wa majani. Watu hawachongi mihrabu ya namna ile mahali pa kupita tu. Palikuwa na mji hapa, palikuwa na jamaa wa kusali na mali ya kumlipa fundi, na palikuwa na bandari iliyopokea vyombo vilivyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Ghuba ile ile ndiyo inayohifadhi ngalawa na boti za leo.

Ombi langu kubwa, Mheshimiwa, ni kwamba ziara ya Dimbani iwe ni ziara ya kijiji kizima, na safari ya baharini iwe sehemu yake. Waongozaji wawe vijana wa hapo hapo, wafundishwe historia ya msikiti na ya bandari kwa undani, na wapewe vitambulisho, ili mgeni asisimuliwe hadithi za kubuni na mtu aliyekuja naye kutoka mjini. Pawekwe ubao wa maelezo, na Kiswahili kiwe cha kwanza juu yake, kwani watoto wa skuli wa Unguja na Pemba nao ni wageni wanaostahili kuletwa hapa. Kwa kuwa msikiti ni nyumba ya ibada, nyakati za kuingia wageni na mavazi yao yaamuliwe na imamu na wazee wa kijiji, na neno lao liwe la mwisho. Sehemu ya fedha zinazolipwa na wageni ibaki kwenye shehia kwa ajili ya matunzo ya jengo. Na matunzo hayo yafanywe kwa chokaa chini ya usimamizi wa mafundi wa mambo ya kale, kwa sababu saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya kuta za mawe ya matumbawe, na kuta hizo huanza kumomonyoka.

Kuhusu bahari nitasema machache. Zamani wavuvi wa hapa waliwawinda pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, na uwindaji huo ulikoma katika miaka ya 1990 baada ya utalii kuanza kuleta riziki nyingine. Hilo ni jambo jema linalostahili kutajwa. Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai, linalojumuisha bahari ya hapa, nalo lilitangazwa mwaka 1997. Hata hivyo, watafiti waliowachunguza pomboo wa hapa wameonesha kwamba boti za wageni huwapunguzia muda wa kupumzika, na yeyote aliyeona boti nyingi zikilizunguka kundi moja, huku watu wakirukia maji mbele ya mnyama mwenye mtoto, hahitaji kuelezwa zaidi. Idadi ya boti kwa kundi moja na umbali wa kukaa viwekewe sheria inayosimamiwa kwa dhati, na manahodha washirikishwe kuitunga, maana wao ndio wanaoijua bahari hiyo.

Naomba, Mheshimiwa, uitishe kikao pale pale Dimbani, akiwepo sheha, imamu, manahodha, kina mama wanaofanya biashara ufukweni na maofisa wako wa pande zote mbili, kabla msimu ujao wa wageni haujapamba moto.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkaazi wa Wilaya ya Kusini, Unguja