Kwani kaskazini ni mizoga tu?

Mhariri,

Kiangazi kikikaza tu najua picha gani ya kaskazini mwa Kenya itatoka gazetini: udongo uliopasuka, mzoga wa ng'ombe, mama na mtungi wa plastiki, nyuma yake patupu. Zinafanana mpaka unashuku ni ile ya mwaka jana. Sikatai, ukame upo na mifugo inaisha kweli, lakini mpiga picha akifika na gari la msaada asubuhi na kuondoka nalo jioni ataona nini kingine?

Najua kuna atakayenitajia mpiga picha Mohamed Amin na zile picha za njaa ya Korem, Ethiopia, 1984, zilizoishtua dunia mpaka ikafanywa konsati ya Live Aid ya kuwachangia wenye njaa mwaka uliofuata. Sawa kabisa, huyo mzaliwa wa Nairobi namvulia kofia. Ila watu husahau kwamba kabla ya Korem alishazunguka Ziwa Turkana akatoa kitabu kizima cha picha, 1981, watu wa huko na maisha yao, na ile nchi yao ya mawe meusi ya volkeno. Yaani njaa ilipokuja alikuwa anajua nini kinapotea.

Na vya kupiga picha havikosekani. Kuna akina mama wanaochimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yatoke, kuna visima vya Marsabit ambapo Waborana wanapokezana ndoo huku wakiimba na mifugo inangoja zamu, kuna jangwa la Chalbi ambalo mvua ikinyesha ya maana linageuka ziwa, halafu karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo na wafugaji wanapita chini yake na ngamia. Hiyo mbona siioni ukurasa wa kwanza?

Kingine kinachoniudhi ni maneno ya chini ya picha. Mlima unapewa jina lake, Kulal, lakini mzee aliyejaza picha nzima ni "mkazi wa Turkana" basi. Wanasiasa mnawataja wote kuanzia kushoto, hata yule aliyefichwa na bega la mwenzake! Kumuuliza mzee jina lake, na kama anataka kupigwa picha, ni kazi ya dakika moja.

Lodwar na Marsabit kuna vijana wanaopiga picha za harusi, lugha wanaijua na njia wanazijua. Wapeni hiyo kazi, na msingoje ukame ndo muwapigie simu.

Msomaji wenu