Historia ya Mwanza isiishie kwenye Jiwe la Bismarck

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kila ninaposikia vijana wakisimuliwa habari za ukoloni hapa Mwanza. Huonyeshwa Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani uliopewa jina la kansela wa Ujerumani, wakatajiwa Wajerumani, kisha simulizi inaruka hadi Desemba 9, 1961, kana kwamba watu wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamelala wakingoja uhuru uwafikie.

Hawakuwa wamelala. Waingereza waliutwaa mji huu mwaka 1916, reli ikafika mwaka 1928, na pamba ikawa ndiyo fedha ya Usukuma. Lakini mkulima aliyeipalilia na kuichuma kwa jasho lake alisimama mbele ya mizani ya mnunuzi, ambayo wengi hawakujua kuisoma, akapokea alichopewa. Marehemu babu yangu, mkulima wa Kwimba, alizoea kusema kwamba pamba yake ilikuwa nzito mpaka inapofika kwenye mizani. Uchungu huo ndio uliowafanya wakulima, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, wadai kuwa na wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililojulikana kama VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), chimbuko la Nyanza, chama kikuu cha ushirika tunachokifahamu.

Izingatiwe kwamba wakati huo huo serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi 1958. Kwa maoni yangu, ushirika ndio uliokuwa shule ya siasa ya wazazi wetu, kwa kuwa humo walijifunza kuchagua viongozi, kukagua hesabu na kumwambia mkubwa hapana. Matunda yake yalionekana mwaka huo huo wa 1958, watu wa Geita walipoikataa halmashauri ya mseto wa rangi, yaani ya Waafrika, Waasia na Wazungu pamoja, waliyoletewa bila ridhaa yao, wakaja Mwanza kwa wingi kupeleka malalamiko yao, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Waliobeba pamba gulioni miaka hiyo sasa ni wachache, na kila msiba wa mzee mmoja unaondoka na ushahidi wake. Naiomba idara ya utamaduni ya mkoa, na gazeti lako pia, Mhariri, wawatume watu Kwimba, Magu, Misungwi na Geita wakawarekodi wazee hao kabla ya msimu huu wa pamba kwisha.

Msomaji wako,
Nyamagana, Mwanza