Kulia kwa nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni baharia mstaafu, nakaa Mikindani, na tangu goti liniharibikie kazi yangu kubwa ya jioni ni kukaa mbele ya televisheni pamoja na mjukuu wangu wa darasa la sita na majirani wawili watatu wanaokuja na bakuli lao la ming'oko. Wiki tatu sasa tunafuata tamthilia moja ya kigeni ya upelelezi iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Inahusu wizi ndani ya meli ya abiria. Jina lake na la kituo nayaacha, kwanza sitaki ugomvi, pili naipenda na nataka waendelee kuionyesha.

Kisa chenyewe ni hivi. Usiku wa manane, meli iko mbali na nchi kavu, sefu inafunguliwa, vito vya abiria matajiri vinachukuliwa. Kumekucha, mashua moja ya kuokolea haipo. Wanahesabu watu: abiria wote wapo, mabaharia wote wapo, hajapungua hata mmoja. Sasa nani kaondoka na mashua? Nilimpigia kofi la pongezi aliyeandika, maana huyo anaijua meli. Mwizi wa melini yuko kifungoni tayari, ana ukuta wa maji pande zote. Mwenye akili haondoki, anaondosha mali. Mashua iliteremshwa ikiwa na mfuko tu ndani yake, na huko gizani kulikuwa na mwenzao anaisubiri.

Tatizo langu ni Kiswahili walichoitia.

Sehemu ya kwanza tu, nahodha aliitwa "dereva wa meli". Jirani yangu mmoja, aliyekuwa kuli bandarini hapa Mtwara miaka mingi, alicheka mpaka ming'oko ikampalia, tukampiga mgongoni. Baadaye dereva huyo "akapiga breki" na meli "ikakata kona". Mhariri, meli haina breki. Hata ukizima mashine, hata ukiizungusha rafadha, lile panka la chini ya maji, kinyume, chombo kikubwa kitaendelea kuteleza masafa marefu kabla hakijatulia, na ndiyo maana rubani anayeingiza meli kwenye mlango wa Msangamkuu huanza kupunguza mwendo wakati wewe uliye ufukweni bado hujaona sababu. Hayo tuliyacheka yakapita. Mtu akisema dereva, bado unamwona nahodha kwenye picha na kofia yake.

Lililonifanya nishike kalamu ni la sehemu ya pili na ya tatu.

Kuna shahidi, mama mmoja abiria, usiku ule alikosa usingizi akatoka kwenda kusimama tezi, yaani nyuma ya meli, anatazama mkondo unaoachwa na meli. Akiwa pale aliona mashua inateremshwa. Mpelelezi anamuuliza, upande gani? Mama anainua mkono, na sauti ya Kiswahili inasema: "Upande wa kulia." Wiki iliyofuata mpelelezi huyohuyo anakwenda moja kwa moja kukagua vyumba vya "upande wa kushoto", na huko ndiko anakokuta kamba iliyokatwa. Sebuleni kwangu pakawaka moto. Mmoja akasema mpelelezi kala rushwa. Mwingine akasema hapana, yule mama ndiye mwizi, kadanganya makusudi. Wakaapa. Mpaka leo nusu ya mtaa wetu inamhesabu yule mama kuwa mwizi, na akitokea kwenye picha wanamzomea.

Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Babu, kulia kwa nani?"

Nikamwambia asubiri picha ya mashua irudi, maana waliirudia mara mbili. Ilipokuja, nikamwambia tazama taa. Meli ilionekana kutoka majini, na taa ya ubavuni ilikuwa nyekundu. Basi, kesi imekwisha. Usiku meli zote duniani huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, yaani kushoto na kulia kwa mtu aliyeelekea omo, mbele inakokwenda meli. Ukiwa kwenye ngalawa gizani ukaona nyekundu, unajua chombo kinakupa ubavu wake wa kushoto, na ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja basi kinakuja juu yako, toka njiani. Yule mama alikuwa tezi, kaipa omo mgongo. Kushoto kwa meli kulikuwa kulia kwake. Hakudanganya hata neno.

Na kwa Kizungu hakusema kulia. Sauti ya asili inasikika kwa mbali chini ya ile ya mtafsiri, nami masikio yangu bado mazima: alisema neno la baharini, neno la ubavu wa meli ambalo halibadiliki hata msemaji ageuke, alale kifudifudi au aning'inie kichwa chini. Mtafsiri alitazama mkono wa mama kwenye picha, akaandika kulia. Wiki iliyofuata hakukuwa na mkono wa kutazama, akafungua kamusi, akaandika kushoto. Neno moja limezaa maneno mawili yanayopigana, na fumbo lote la tamthilia limekaa juu ya neno hilo.

Sitaki mtu aone kwamba namwonea. Kuna mahali kapatia vizuri sana, pale askari wa nchi mbili wanapogombea nani akamate. Alieleza kwa Kiswahili safi kwamba nje ya maili 12 za maji ya nchi, ndani ya meli inatumika sheria ya nchi ambayo bendera yake inapepea. Hivyo ndivyo ilivyo. Kwa hiyo Kiswahili anacho. Bahari ndiyo hana.

Nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma kuliko goti.

Mwaka 1994, mwezi wa nane, nilikuwa baharia wa deki kwenye meli iliyokuwa ikipakia abiria kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Meli siitaji. Vijana wa leo hawaelewi kwa nini watu walijazana melini, kwa kuwa wao wanapanda basi alfajiri na jioni wako Mbagala. Wakati ule daraja la Rufiji halijakuwapo, lilifunguliwa mwaka 2003. Gari lilitegemea kivuko cha Ndundu, na kabla ya kivuko kuna mchanga, na baada ya mchanga kuna tope, na masika yakikolea mnaweza kulala njiani mpaka chakula kiwaishie. Mwenye mzigo na mwenye mgonjwa walipanda meli. Deki ilikuwa mikeka mitupu, mtu na mtu, kuku, magunia ya korosho, watoto.

Safari hiyo tulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Newala anakwenda kununua vitenge Kariakoo. Alikuwa na laki tatu na nusu, pesa nyingi sana kwa siku zile, amezifunga kwenye khanga akazifanya mto wa kulalia. Upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa. Tulipoipita Kilwa bahari ikaanza kumpiga, akakimbilia ukingoni kutapika. Aliporudi mto haupo.

Alilia kilio ambacho nakisikia mpaka sasa. Nahodha akapewa habari. Hakupiga kengele, hakusimamisha meli, asimamishe aende wapi? Alisema tu kwamba tukifika Dar ngazi haishuki mpaka aseme yeye. Kisha akamwita serahangi, mkubwa wa mabaharia wa deki.

Serahangi wetu alikuwa mzee wa majahazi, ameanza na matanga kabla hajaijua mashine. Palipopambazuka akaanza kupita kwenye mikeka, polepole, anawaamkia watu, anawauliza wamelalaje. Hana haraka, utadhani anatafuta ndugu. Mkononi ana kikombe cha chai. Kila anayemwamkia anampa mkono, na akishampa mkono anamshika bega kidogo, kama mtu anayesema pole na safari.

Akafika kwa kijana mmoja aliyevaa koti. "Umelala wapi, mwanangu?" Kijana akajibu amelala palepale usiku kucha, hakuinuka hata kwenda haja, na akaonyesha kwa mkono. Mzee akatabasamu, akamshika bega, akaondoka. Alipotufikia sisi akasema, "Yule alikuwa goshini."

Hapa ndipo nataka mtafsiri asome mara mbili. Goshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande uliokingwa. Meli ikitoka Mtwara kwenda Dar wakati wa kusi, upepo unatoka kule baharini, mkono wa kulia, nyuma kidogo. Demani inakuwa upande wa bara. Pale alipolala yule kijana ni demani, pakavu, hata unga ungeanika. Koti lake lilikuwa limekauka likabaki na chumvi, bega la kulia lote jeupe kama limepakwa chokaa. Rasharasha ile haifiki demani. Alikuwa amesimama goshini, tena muda mrefu, na hakuna mtu mwenye akili zake anayesimama goshini usiku wa kusi kwa starehe.

Goshini kulikuwa na sanduku la maboya ya kuvaa. Tukafungua, khanga ile hapo chini ya maboya. Zilipungua elfu kumi na mbili, na hizo hakuzipata tena, mabaharia tulichangishana tukampa elfu tano. Kijana alikabidhiwa askari kule gatini. Yaliyoendelea sikuyafuata, keshokutwa yake tulikuwa tumeshang'oa nanga kurudi.

Sasa chukua kisa hiki umpe mtafsiri wa tamthilia yetu. Atasema mzee alituambia "yule alikuwa upande wa kulia". Kuna mtu ataelewa chumvi ile ilitoka wapi?

Najua hoja ya upande wa pili, mwanangu mkubwa ameshanipa kwa simu: mtoto wa Dodoma hajui goshi wala tezi, ukimwekea maneno hayo atabadilisha stesheni. Lakini huyohuyo mtoto wa Dodoma shuleni anakaririshwa "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Anaandika kwenye mtihani, anapata alama, hajui ametaja nyuma ya chombo, mbele yake na tumbo lake. Tamthilia hii ndiyo ingekuwa nafasi ya kuyaona maneno hayo kwa macho, mama kasimama tezi, mawimbi yanakwenda nyuma, na hakuna mwalimu anayesumbua.

Na wala sisemi waandike goshi popote penye kulia. Hilo litakuwa kosa jipya, kwa sababu goshi inahama upepo ukihama, wakati ubavu wa meli hauhami. Kwenye meli za chuma sisi tulisema poti kwa ubavu wa kushoto na stabodi kwa ubavu wa kulia, tukaelewana na Mgoa, Mfilipino na Mgiriki. Kama hayo yanaonekana ya kigeni, nina pendekezo langu mwenyewe, nimelijaribu kwa mjukuu na kwa wale majirani wakaidi: "ubavu wa taa nyekundu" na "ubavu wa taa ya kijani". Anayekaa Dodoma ataelewa, na taa yenyewe iko kwenye picha, inamsubiri. Yule mama angesema "ubavu wa taa nyekundu" wiki ya pili, mpelelezi angekwenda ubavu wa taa nyekundu wiki ya tatu, na mtaa wetu usingemvunjia heshima mke wa watu.

Ombi langu kwa kituo ni dogo. Kabla hawajaingia studio, wampe mtu wa bahari asome karatasi zao. Wapo wengi. Hapa Mikindani tu naweza kuwahesabu wanne tunaoswali msikiti mmoja, na hatuna kazi mchana. Sihitaji malipo. Kama nauli ya kuja huku ni ghali, basi wapige simu, nitawasomea kwa simu. Na mtafsiri mwenyewe akija nitampeleka gatini kwa yule jirani yangu kuli, wasimame pale magharibi meli ya korosho inapowasha taa, aone mwenyewe. Tutamlisha ming'oko.

Sehemu ya nne ni Alhamisi hii. Mjukuu ameweka daftari, ukurasa mmoja amepaka rangi nyekundu na wa pili kijani, anasema safari hii ataandika kila mtu alikosimama na alikoelekeza uso. Jirani wa ile hoja ya rushwa naye ameahidi kuja, lakini ametuonya mapema kwamba kwa yule mama habadilishi msimamo.

Ni mimi,
Baharia mstaafu,
Mikindani, Mtwara