Dracula hakufa kwa jua

Mhariri naomba kanafasi kadogo. Juzi kwenye kibanda umiza tumebishana mpaka basi, jamaa wanakomaa eti Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi, akipigwa jua anaungua. Jamani kitabuni hakuna kitu hicho! Bram Stoker alikitoa 1897 na humo mzee anakatiza London mchana kweupe, ila nguvu ndo zinapungua, na mwisho anauawa kwa visu, kimoja shingoni kingine moyoni. Habari ya jua imeletwa na Nosferatu, filamu bubu ya Kijerumani ya 1922, ambayo waliitengeneza kutoka kitabu hicho bila ruhusa wakabadili majina wakidhani watapona, mjane wa Stoker akawaburuza mahakamani ikaamriwa kopi ziteketezwe, bahati zingine zikapona. Halafu 1931 mwigizaji Bela Lugosi kaja kwenye filamu ya Dracula na suti na nywele za mafuta, basi mpaka leo watu wanajua huyo ndo mwenyewe, wakati wa kitabuni ni babu mwenye masharubu meupe na viganja vimeota vinyweleo! Mi hivyo vinyweleo vinanitisha kuliko meno. Angalau Nosferatu ya Robert Eggers ya 2024 imerudisha masharubu, japo jua nalo wamelibakiza.

Msomaji wenu, Tanga